Faili zinakokota baada ya kuhamia seva mpya: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Seva mpya imesimikwa, faili zote zimehamishwa wikendi, na Jumatatu asubuhi simu zinaanza. Faili ya Excel iliyokuwa ikifunguka mara moja sasa inachukua nusu dakika. Folda ya mikopo inaganda, kisha inafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashine mpya ina kumbukumbu kubwa na diski za kisasa, lakini wafanyakazi wanauliza ile ya zamani itarudishwa lini.

Hali hii tunakutana nayo sana huku, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Nakuru. Microsoft iliacha kuitunza Windows Server 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo Sacco, zahanati, shule na ofisi za mawakili zimejikuta zikihamisha seva na kompyuta za mezani karibu kwa wakati mmoja. Na faili kukawia si jambo dogo. Katika zahanati, ni mgonjwa ambaye rekodi yake haijapatikana. Katika Sacco, ni mama aliyepanda matatu alfajiri kutoka Ahero au Bondo, na sasa yuko kwenye foleni akimtazama karani ambaye naye anatazama kioo kilichoganda. Kazi hii inastahili kufanywa kwa utaratibu.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine ni hili: kukawia kuna sura, na sura hiyo ndiyo inayokuonyesha chanzo. Kinachoharibu uchunguzi ni pupa. Fundi anazima faiwoli, anazima antivairasi, anabadili mipangilio mitano ya kadi ya mtandao, anawasha seva upya, na hata mambo yakitengemaa hajui ni lipi lililosaidia. Badili kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine.

Katika mifano yote hapa chini, seva ya zamani inaitwa SEVA1 na ilikuwa na anwani 192.168.10.5. Mpya inaitwa SEVA2, anwani yake ni 192.168.10.20, na domeni, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa kwa pamoja, ni ofisi.local.

Anza na watu

Kabla ya kufungua seva, zunguka ofisini. Keti karibu na anayelalamika, mwombe afanye kazi yake kama kawaida, nawe ushike saa. "Mtandao uko chini" ni malalamiko ya haki, ila hayapimiki. "Kufungua faili hii kumechukua sekunde 21, ya pili sekunde moja, na baada ya chai imerudi sekunde 21" ni ushahidi.

Uliza kama ni kompyuta moja, chumba kimoja au jengo zima. Uliza kama anasubiri mara ya kwanza tu au kila faili, kama shida ni kufungua au kuhifadhi, na kama kuna saa maalumu za siku. Kisha linganisha na sura hizi.

Ikiwa mtu anasubiri muda uleule kila mara, tuseme sekunde 20 hivi, halafu kila kitu kinakwenda kasi, basi kuna kompyuta inayomtafuta mwenzake asiyekuwepo. Hilo ni suala la majina, na ndilo linaloongoza baada ya kuhama. Ikiwa faili kubwa inanakiliwa kwa kasi tulivu ya megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, isiyopanda wala kushuka, umekutana na kiungo cha megabiti 100. Ikiwa faili moja kubwa inakwenda vizuri lakini folda yenye faili ndogo elfu kadhaa inakokota, angalia antivairasi, umbali, au namna programu inavyouliza maswali. Ikiwa kasi ni nzuri asubuhi na inaporomoka saa fulani, diski zina kazi nyingine. Na ikiwa ni kuandika tu kunakokawia huku kusoma kukiwa sawa, nenda moja kwa moja kwenye akiba ya diski (kumbukumbu ya muda inayoharakisha kazi) na seva ya domeni, sehemu ambazo nimezieleza mbele.

Pima mara tatu

Kipimo cha kwanza ni cha bomba lenyewe, bila faili. Weka programu ya iperf3 kwenye seva na kwenye kompyuta moja ya mezani, ruhusu poti 5201 kwenye faiwoli kwa muda, kisha upande wa seva:

`iperf3 -s`

na upande wa kompyuta, kwanza kupeleka, halafu kuleta:

`iperf3 -c 192.168.10.20`
`iperf3 -c 192.168.10.20 -R`

Mtandao wa gigabiti 1 wenye afya hukupa takriban megabiti 940 kwa sekunde pande zote mbili. Ukiona 94, una kiungo cha megabiti 100 mahali fulani njiani. Ukiona namba nzuri upande mmoja na mbovu upande mwingine, shuku kebo, au swichi na kadi ambazo hazikuelewana namna ya kuzungumza.

Kipimo cha pili ni faili moja kubwa. Tengeneza faili ya gigabaiti 2 kwenye seva, uinakili kutoka kwenye kompyuta ya mezani:

`fsutil file createnew D:\Pamoja\jaribio\jaribio.bin 2147483648`
`robocopy \\SEVA2\Pamoja\jaribio C:\jaribio jaribio.bin /J`

Kwa gigabiti 1 safi, kazi hii huchukua sekunde 20 hivi. Kwa megabiti 100 ni dakika tatu na ushei. Fahamu kwamba faili iliyotengenezwa na fsutil haina data halisi iliyoandikwa, kwa hiyo seva huijibu bila kuisoma diskini. Hiyo ni faida hapa, maana unapima mtandao na SMB (itifaki ambayo Windows hutumia kushiriki faili) peke yake. Baadaye rudia kwa faili ya kweli yenye ukubwa kama huo. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mzigo wa diski.

Kipimo cha tatu ni folda yenye faili ndogo nyingi, kwa mfano barua za mwaka mmoja. Nakili folda nzima kwa robocopy ukitumia `/E` na usome muhtasari unaotolewa mwishoni. Andika namba zote kwenye daftari pamoja na saa na jina la kompyuta. Utazihitaji jioni, wakati meneja atakapouliza kama kweli kuna kilichobadilika.

Jina la seva iliyoondoka

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo saa nyingi za mafundi hupotelea. Seva ya zamani imezimwa, lakini jina lake limebaki kila mahali: kwenye draivu za mtandao, kwenye njia za mkato za mezani, kwenye orodha ya faili za karibuni, kwenye folda zilizobandikwa pembeni mwa dirisha la faili, kwenye viungo vilivyo ndani ya Excel, kwenye printa. Kila Windows inapokutana na jina hilo, inabisha hodi kwa mashine isiyokuwepo, inabisha tena, na inaendelea kungoja hadi muda wake uishe. Mtumiaji anafungua faili iliyo kwenye SEVA2, lakini dirisha linaganda kwa sababu ya SEVA1.

Ushahidi wake ni rahisi kuupata. Mwombe mtumiaji afungue faili, na wakati kioo kimeganda endesha amri hii kwenye kompyuta yake:

`netstat -no | findstr SYN_SENT`

SYN_SENT ni ombi la kuunganishwa ambalo halijajibiwa, na 445 ni poti ya SMB. Ukiona mstari wenye 192.168.10.5:445, umempata. Namba ya mchakato mwishoni mwa mstari huwa 4, yaani Windows yenyewe, kwa hiyo usihangaike nayo. Anwani ndiyo yenye habari.

Sasa fuatilia jina lilipojificha. Anza na draivu:

`net use`
`Get-SmbConnection`

Ya kwanza huonyesha herufi za draivu na njia zake, ya pili huonyesha seva ambazo kompyuta inazungumza nazo sasa hivi na toleo la SMB linalotumika. Draivu inayoelekeza SEVA1 ifute kwa `net use H: /delete`, kisha uiunganishe upya kupitia Group Policy, yaani sera zinazopelekwa kwa kompyuta zote za domeni. Na ukiwa humo, hakikisha draivu zimewekwa kwa chaguo la Update. Chaguo la Replace hufuta draivu na kuiunda upya kila sera zinaposomwa, na mtu aliye katikati ya kazi hukatikiwa.

Kisha angalia kama folda ya Documents au ya mezani ilikuwa imeelekezwa kwenye seva ya zamani. Ikiwa ndivyo, kila programu inayofungua dirisha la kuhifadhi faili itasubiri. Kama ofisi ilikuwa inatumia faili za nje ya mtandao (Offline Files), akiba yake nayo imefungamana na jina la zamani na lazima isafishwe, lakini kwanza hakikisha hakuna kazi ya mtu ambayo haijapelekwa kwenye seva. Hapo usikimbie. Ripoti ya mwezi mzima inaweza kuwa imekaa kwenye kompyuta moja tu.

Printa husahaulika sana. Excel na Word huuliza printa ya msingi wakati wa kufungua hati. Ikiwa printa hiyo ilikuwa ikipitia SEVA1, hati itachelewa hata kama faili yenyewe iko kwenye diski ya kompyuta. Jaribu hivi: badilisha printa ya msingi iwe ile ya kuchapia PDF, funga Excel, ufungue tena. Kama kukawia kumetoweka, tatizo halikuwa la faili kamwe.

Kwa viungo vya ndani ya Excel, fungua kitabu husika, nenda kwenye sehemu ya data, kisha uhariri viungo. Ofisi za uhasibu zina vitabu vinavyovuta hesabu kutoka vitabu vingine kumi, na vyote vinataja `\\SEVA1\Hesabu`. Hapo kuna njia mbili: kuvirekebisha kimoja kimoja, au kuipa seva mpya jina la pili.

Jina la pili ndilo huduma ya kwanza ninayoipendekeza, ila lifanywe sawasawa. Kuongeza rekodi ya CNAME (jina la badala) kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, peke yake hakutoshi, kwa kuwa Kerberos, mfumo wa domeni wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi, haitapata utambulisho wa jina hilo na kompyuta zitarudi kwenye NTLM, njia ya zamani, au zitakataliwa. Kwanza ibadilishe jina seva ya zamani, au uitoe kwenye domeni, ili SEVA1 isiwe na mwenyewe. Ndipo kwenye seva mpya:

`netdom computername SEVA2 /add:SEVA1.ofisi.local`

Hakiki kwa `setspn -L SEVA2` kwamba jina la SEVA1 limeorodheshwa, na kwa `setspn -X` kwamba halijarudiwa kwenye akaunti nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani safisha kumbukumbu za DNS kwa `ipconfig /flushdns`, toka na uingie tena, fungua folda kwa jina la zamani, halafu endesha `klist`. Ukiona tiketi ya cifs/SEVA1, kazi imekamilika.

Bado tuko kwenye majina. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kompyuta za ofisi kupewa 8.8.8.8 kama DNS ya pili, eti intaneti isikatike seva ikizimwa. DNS ya Google haijui SEVA2 ni nani na haiwezi kujua. Windows ikishahamia kwenye DNS hiyo kwa sababu yoyote, majina ya ndani yanapotea. Kompyuta zilizo kwenye domeni ziwe na DNS za domeni tu. Seva ya DNS ndiyo itakayopeleka maswali ya nje kwa 8.8.8.8. Kagua pia DHCP ya rauta (huduma inayogawia kompyuta anwani), hasa kama seva ya zamani ndiyo iliyokuwa DNS na rauta bado inagawa 192.168.10.5 kama anwani ya kuuliza.

Na usiwaunganishie watu draivu kwa namba ya IP ili kuokoa muda. Kwa kawaida njia kama `\\192.168.10.20\Pamoja` haitumii Kerberos, na kwa sababu ina nukta Windows huweza kuihesabu kama ya intaneti, hivyo Office inafungua kila hati katika hali ya ulinzi. Jina refu la SEVA2.ofisi.local lina shida hiyo hiyo ya nukta mpaka uliongeze kwenye ukanda wa mtandao wa ndani kupitia Group Policy.

Kebo, swichi na radi

Ukanda wa Ziwa Victoria hupigwa na radi sana, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa hilo. Radi au stima inayorudi kwa kishindo haiui swichi kila mara. Wakati mwingine tundu moja linabaki hai nusu: taa inawaka, lakini kiungo kinashuka hadi megabiti 100 au kinapoteza paketi. Tundu hilo huenda halikuwa likitumiwa na mtu hadi ulipolichomekea seva mpya.

Kwenye seva, angalia:

`Get-NetAdapter | Format-Table Name, LinkSpeed, FullDuplex`
`Get-NetAdapterStatistics | Format-List *`

Kasi isomeke 1 Gbps au zaidi. Ikiwa ni 100 Mbps, badilisha kebo kwanza, tundu la swichi baadaye, kadi mwisho. Gigabiti 1 hutumia jozi zote nne za nyaya, ilhali megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Uzi mmoja uliolegea kwenye kichwa cha RJ45 unatosha kuangusha kasi mara kumi bila mtandao kukatika. Makosa ya kupokea yanayoongezeka kila unapoangalia ni kebo mbovu au tundu bovu, hata kama kasi inasomeka vizuri.

Kuhusu kebo zenyewe, sokoni kuna za alumini iliyopakwa shaba. Zina bei nzuri, ni nyepesi mkononi, na kwa umbali mrefu zinasumbua. Kebo kati ya seva na swichi iwe ya shaba tupu, Cat5e au Cat6, isizidi mita 100, isipite sambamba na nyaya za stima.

Mwisho, mpangilio wa kasi uachwe kuwa wa kujichagulia pande zote mbili. Fundi wa zamani akiwa alilazimisha megabiti 100 kwenye tundu la swichi, kadi mpya inayojichagulia itaanguka kwenye mawasiliano ya zamu, upande mmoja ukisema mwingine ukinyamaza, na kasi itakuwa ya kusikitisha. Hilo huweza kueleza iperf3 inayokaribia 94 upande mmoja na kuwa mbovu sana upande wa pili.

Seva yenyewe

Kama vipimo vya mtandao ni vizuri lakini faili za kweli zinakawia, geukia ndani.

Antivairasi ijaribiwe mapema, maana ndiyo huchunguza kila faili inapofunguliwa, na mara nyingi faili moja huchunguzwa mara mbili, kwenye seva na kwenye kompyuta. Usiizime kwa siku nzima. Isimamishe kwa dakika chache jioni wakati watu wametoka, rudia kipimo cha faili ndogo, iwashe tena. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta mwongozo wa mtengenezaji wa programu yako ya uhasibu au ya zahanati. Wengi hutaja folda na aina za faili zinazopaswa kuachwa.

Je, seva mpya ya faili imefanywa pia kuwa seva ya domeni? Ofisi ndogo hufanya hivyo kuokoa gharama. Seva ya domeni hudai kila paketi ya SMB itiwe sahihi ya kidijitali, na huzima akiba ya kuandikia kwenye diski inayobeba hifadhidata ya Active Directory (orodha ya akaunti na kompyuta za domeni). Kama folda za pamoja ziko kwenye diski hiyohiyo, kuandika kutakuwa kuzito. Zitenganishe, hata kama ni kwa kuunda mashine pepe mbili ndani ya mashine moja.

Diski: kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) isiyo na betri, au yenye betri iliyokufa, huacha kutumia akiba yake na kuandika moja kwa moja diskini. RAID 5 huumia zaidi, kwani uandishi mdogo mmoja hugeuka kazi nne: kusoma data, kusoma alama ya ulinzi, kuandika data, kuandika alama. Angalia pia kama RAID mpya bado inajijenga chinichini. Kwa diski kubwa hilo huchukua siku. Pima muda wa diski:

`Get-Counter '\PhysicalDisk(*)\Avg. Disk sec/Transfer' -SampleInterval 5 -MaxSamples 12`

Zaidi ya 0.020 mfululizo kwenye diski za kuzunguka ni dalili kwamba zimeelemewa.

Ikiwa shida hutokea saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, angalia nakala za kivuli za Windows (Shadow Copies), yaani nakala za faili zinazochukuliwa zenyewe kwa ratiba. Hizo ndizo saa zake za kawaida zinapowashwa bila kubadilishwa, na saa sita mchana ndipo kaunta za Sacco zinapojaa. Zisogeze.

Nguvu: Windows Server huja na mpango wa nishati wa wastani. Soma kwa `powercfg /getactivescheme`, badilisha kwa `powercfg /setactive SCHEME_MIN`, na ukague BIOS nayo isibane kasi. Chumba cha seva kisicho na hewa, katika joto la Kisumu, kitafanya prosesa ijipunguze kasi yenyewe kufikia alasiri. Feni zinazonguruma baada ya chakula cha mchana ni ushahidi tosha wa kuanza kupima joto.

Kwa waliohamia Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, kuna mambo mawili mahususi. Kadi za Broadcom za gigabiti 1 zenye VMQ iliyowashwa (kipengele kinachogawia mashine pepe foleni zao za paketi) zimejulikana kwa miaka kusababisha mtandao mzito kwenye mashine pepe. Kagua kwa `Get-NetAdapterVmq` na uzime kwa `Disable-NetAdapterVmq`. Pili, kuanzia Windows Server 2019, swichi pepe huunganisha paketi zinazoingia, na kuna kadi zisizolipenda hilo. Zima, pima, na kama hakuna tofauti rudisha:

`Set-VMSwitch -Name "SwichiPepe" -EnableSoftwareRsc $false`

Walio kwenye VMware wahakikishe mashine iliyohamishwa inatumia kadi ya VMXNET3, si E1000 iliyokuja nayo kutoka zamani.

SMB: usirudi nyuma

Mashine za skana na hifadhi za zamani huacha kufanya kazi baada ya kuhama, na mtu atakushauri uwashe SMB1. Kataa. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kupitia udhaifu wa itifaki hiyo, na Microsoft iliacha kuisakinisha kwa kawaida mwaka huohuo kuanzia Windows 10 toleo la 1709. Tafuta programu mpya ya ndani ya skana (firmware), au iwekee njia ya kutuma barua pepe.

Windows 11 toleo la 24H2 (Pro, Enterprise na Education) nayo hudai sahihi kwenye kila muunganisho wa SMB. Kama ulihamisha seva na kompyuta kwa pamoja, hapo huenda ndipo kasi ilipopungua kidogo, hasa ukizungumza na kisanduku cha hifadhi chenye prosesa dhaifu. Kuzima sahihi kunamfungulia mlango mtu aliye kwenye mtandao wako kubadilisha data njiani, na kwa ofisi inayoshika fedha au rekodi za wagonjwa sikubaliani nako. Boresha kisanduku.

Programu zinazoweka hifadhidata kwenye folda

Programu nyingi za zamani za uhasibu na za shule huweka faili za hifadhidata kwenye folda ya pamoja, na kila kompyuta huzisoma na kuzifunga moja kwa moja. Mtumiaji mmoja anapata kasi nzuri. Akiingia wa pili, kila kitu kinazama, kwa sababu kompyuta haziwezi tena kuweka akiba kwao na lazima ziulize seva kila kipande. Ukiona mpaka huo kati ya mtu mmoja na wawili, usipoteze wiki kwenye kebo. Uliza mwuzaji kama kuna toleo la seva la programu hiyo, au wafanye watumiaji waiendeshe kwenye seva yenyewe kupitia mezani ya mbali (Remote Desktop).

Tawi lililo mbali

Ikiwa seva imehama kutoka chumba cha nyuma kwenda makao makuu Nairobi au kwenye wingu, hesabu imebadilika, na kuongeza upana wa intaneti huenda kusisaidie. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 3.5 kwa njia ya urefu huo, na ukiongeza rauta na VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) ni zaidi. Chukua programu inayouliza seva maswali matatu kwa kila faili, kwenye folda ya faili 2,000. Kwa nusu milisekunde ofisini, jumla ni sekunde 3. Kwa milisekunde 20, ni dakika 2. Ni kama kumtuma mtoto dukani mara moja kwa kila kijiti cha kiberiti: barabara pana haipunguzi safari.

Pima kwanza kwa `ping SEVA2` kutoka tawini. Kisha kagua kama VPN inakatakata paketi:

`ping -f -l 1472 SEVA2`

Ikikataa, punguza 1472 kidogo kidogo hadi ipite, ongeza 28 kwenye namba iliyopita, na hiyo ndiyo MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya kuweka kwenye VPN. Kama ofisi inatumia DFS (mfumo wa Windows wa folda moja yenye nakala kwenye seva kadhaa), hakikisha anwani za tawi la Kakamega zimeandikwa kwenye eneo (site) sahihi ndani ya Active Directory. Bila hivyo kompyuta za Kakamega zinaweza kupelekwa kwenye seva ya Nakuru ilhali nakala iko chumba cha pili.

Kwa matawi, suluhisho la kudumu ni mojawapo ya mawili: weka nakala ya faili karibu na watumiaji, au peleka watumiaji kwenye faili kupitia mezani ya mbali, ili kinachosafiri kiwe picha ya kioo tu.

Kabla ya kuifuta SEVA1

Rudia vipimo vitatu kwenye kompyuta zilezile, saa zilezile, na uandike kando ya namba za mwanzo. Kisha acha SEVA1 ikiwa imechomolewa kebo ya mtandao, lakini diski zake zikiwa nzima, hadi mwisho wa mwezi upite. Ndipo vitabu vya mishahara, ripoti za bodi na zile faili zinazofunguliwa mara moja kwa mwezi zitakapofunguliwa. Kwenye kompyuta ya mhasibu na ya meneja, siku hiyo, weka dirisha moja likiendesha `netstat -no 5 | findstr SYN_SENT`, litakalojirudia kila sekunde tano. Anwani ya 192.168.10.5 isipojitokeza siku nzima, chukua nakala ya mwisho ya diski, ihifadhi nje ya jengo, halafu futa.